Mtoto Aliyezaliwa na Mdomo Uliopasuka: Adui wa Kwanza ni Njaa



Katika toleo hili tunaweka kando kidogo suala la mishahara. Halijaisha, msidhani limeisha. Lakini wajumbe wetu wa matawi wameulizwa mara nyingi huko makambini juu ya jambo jingine: mtoto anayezaliwa huku mdomo wake wa juu umepasuka, au kaakaa lake lina tundu. Wazazi wanauliza kama ni laana, kama mtoto ataishi, kama kuna dawa, na itagharimu shilingi ngapi. Sisi wa chama si madaktari. Tumewauliza wauguzi na waganga wanaoifanya kazi hiyo kila siku, tukayaandika hapa kwa Kiswahili, kwa sababu katika laini za mashamba yetu ya miwa na chai hapa Uganda anakaa Msoga na Mlugbara, Mkiga na Mwacholi, Mnyarwanda na Mkongo, na Kiswahili ndicho tunachosikilizana wote.

Jibu la maswali hayo, kwa ufupi, ni hili. Mpasuko wenyewe hauui. Operesheni ya kuushona ipo hapa hapa nchini, na kuna hospitali zinazoifanya bila kumdai mzazi hata senti. Kinachomwua mtoto ni njaa katika wiki za kwanza, kabla hajafika kwa daktari. Na njaa hiyo mara nyingi inahusika na kazi zetu: saa za kazi, likizo, nauli, na hofu ya kufutwa katika daftari.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Uso wa mtoto tumboni hautokei ukiwa mzima kwa mara moja. Huanza kama vipande vya pande mbili, kulia na kushoto, ambavyo husogeleana na kuungana. Mdomo huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba. Kaakaa, yaani dari la kinywa, huungana kati ya wiki ya 6 na ya 9. Vipande visipokutana, mtoto huzaliwa na mwanya. Mwanya huo unaweza kuwa mkato mdogo juu ya mdomo tu, au ukapanda mpaka puani, upande mmoja au pande zote mbili. Unaweza pia kuwa nyuma peke yake, katika kaakaa, wakati mdomo wa nje ni mzima kabisa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi duniani ni mtoto 1 katika watoto 700 hivi. Kwa hiyo katika shamba kubwa lenye familia maelfu, si jambo la ajabu. Limekuwapo siku zote, ila lilikuwa likifichwa.

Angalieni tena hizo wiki. Wiki ya 4 mpaka ya 9: wakati huo akina mama wengi hawajajua hata kama wana mimba, au ndiyo kwanza wanaanza kuhisi. Yaani jambo limekwisha kutokea kabla hajamcheka mtu yeyote, kabla hajagombana na mama mkwe, kabla mwezi haujapatwa. Tunasema hivyo kwa sababu haya ndiyo tunayoyasikia makambini. Mara mama alimcheka mtu mwenye mdomo wa namna hiyo. Mara baba alichinja mnyama mke wake akiwa mjamzito. Mara jirani ametupa kitu mlangoni. Mwishowe lawama zote humwangukia mama, na tumeona ndoa zikivunjika hivyo. Jina lenyewe, "mdomo wa sungura", watu hulitumia kwa kucheka. Sisi katika gazeti hili tunasema mdomo uliopasuka, basi. (Ingawa katika hadithi za bibi zetu sungura ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Hilo wachekaji hawalikumbuki.)

Sababu zenyewe ni za kuchanganyika. Sehemu moja ni damu ya ukoo, kutoka upande wowote, wa baba au wa mama. Sehemu nyingine ni mambo yanayoipata mimba mapema: sigara, pombe, ugonjwa wa sukari usiotunzwa, na baadhi ya dawa za kifafa. Mama anayemeza dawa za kifafa asiziache ghafla, maana kifafa nacho ni hatari. Amwone daktari kabla ya kushika mimba, huenda akabadilishiwa. Vidonge vya foliki asidi vinavyotolewa kliniki vina kazi kubwa iliyothibitika katika uti wa mgongo wa mtoto. Kwa mdomo uliopasuka ushahidi bado unabishaniwa, lakini kuvimeza ni vizuri kwa vyovyote. Wazazi waliokwisha kupata mtoto mmoja wa namna hii huuliza kama wa pili naye atakuwa hivyo. Bahati hiyo ni ndogo: kama 2 mpaka 5 katika 100. Wengi wa wazazi hao huzaa wengine wazima.

Na dawa za kunyunyizia shambani? Hili tunaulizwa sana, na tungependa kuwapa jibu moja. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali hausemi jambo moja: mwingine umeona uhusiano kidogo, mwingine haukuona. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mzazi kwamba pampu ya dawa ndiyo iliyomletea mtoto huyu. Lakini mama mjamzito hana kazi katika timu ya kunyunyizia, mpasuko uwepo usiwepo. Zipo sababu nyingine za kutosha, na msimamo wa chama juu ya hilo ni wa siku nyingi.

MTOTO ANYONYEJE?

Hapa ndipo tunawaomba msome polepole, na asiyejua kusoma asomewe.

Mtoto akinyonya hufunga kinywa, akavuta. Huko kuvuta kunahitaji dari zima. Mwenye mdomo uliopasuka peke yake, kaakaa likiwa zima, mara nyingi hunyonya titi vizuri, kwa sababu nyama laini ya titi huziba ule mwanya. Mama amweke tu vizuri, na ikibidi azibe kwa kidole. Mwenye tundu katika kaakaa ni mambo mengine. Yeye hata akilishika titi hawezi kuvuta. Ni kama kunywa kwa mrija uliotoboka: hewa inaingia, maziwa hayaji. Yanayoingia hutokea puani. Mtoto huhangaika saa nzima, akachoka, akalala, na mama hufikiri ameshiba. Hakushiba. Amelala kwa uchovu. Baada ya siku chache hata kulia huacha, watu wakasema, "huyu mtoto mtulivu". Huo utulivu ndio wa kuogopa.

Mwaka 2012 madaktari waliokuwa wakifanya operesheni hizi hapa Uganda waliandika katika jarida la madaktari na kuuliza swali zito: watoto wa kaakaa wamekwenda wapi? Maana walipohesabu wagonjwa wao, waliofika wakiwa na kaakaa lililopasuka walikuwa wachache kuliko hesabu ya nchi nyingine inavyoonyesha. Hofu yao ilikuwa kwamba wengi hufa wangali wachanga, kwa kukosa kulishwa. Huandikwa kuwa homa, au kuhara, au hawaandikwi kabisa.

Tena inauma kwa sababu dawa yake si dawa. Ni kikombe.

Mama akamue maziwa yake kwa mkono. Anawe mikono kwa sabuni, ashike titi kwa kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma ya lile duara jeusi, abane kuelekea kifuani kisha mbele, polepole, akizungusha. Siku za mwanzo yatatoka matone. Yale mazito ya njano ni ya thamani kuliko yote, yasimwagwe. Apokee katika kikombe safi kilichochemshwa. Kisha mtoto aketishwe mapajani, kichwa juu, karibu wima, asilazwe chali hata kidogo. Kikombe kiguse mdomo wa chini na maziwa yafike ukingoni. Usimmwagie kinywani. Mwache ayarambe na kuyameza mwenyewe. Au tumia kijiko kidogo. Chupa laini ya kubonyeza nayo hufaa kwa anayeipata, ila kuisafisha ni kazi, na kambini kwetu maji ya kuchemsha yana gharama. Sisi tunapendelea kikombe, ambacho kila nyumba inacho.

Maziwa kidogo yakitokea puani msishtuke. Mwinueni, mfuteni, endeleeni. Mcheulisheni mara kwa mara kwa sababu anameza hewa nyingi. Kila mlo usizidi nusu saa. Ukizidi, mtoto anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Alishwe kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku. Akilala, aamshwe.

Kiasi gani? Hesabu ya wauguzi, baada ya siku za kwanza, ni kama mililita 150 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku. Mtoto wa kilo 3 basi anataka kama mililita 450. Ukigawa mara 8 ni karibu mililita 56, yaani vijiko vya chai 11 au 12 kila mlo. Mtu yeyote anaweza kuhesabu vijiko. Na mizani ya kliniki haidanganyi: kila mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, lakini akifika wiki 2 awe amerudi katika uzito aliozaliwa nao, na baada ya hapo aongeze kama gramu 150 mpaka 200 kwa wiki. Asipoongeza, msingojee mwezi ujao. Mpelekeni wiki hiyo hiyo.

Maziwa ya ng'ombe, uji mwembamba, maji ya sukari, haya si chakula cha mtoto mchanga, hata kama yanaingia kwa urahisi. Na tunawasihi: mtoto huyu akikonda na kupata homa, msimpeleke kwa wang'oaji wa "meno ya plastiki" wala wakata kimio. Wanaingiza msumari au kisu kichafu katika kinywa ambacho tayari kina shida. Hakuna meno ya plastiki. Kuna njaa na vidudu.

Kuna hatari moja ya kutangulizwa mbele ya zote. Wako watoto wanaozaliwa na tundu la kaakaa pamoja na taya la chini dogo, lililorudi nyuma. Wakilazwa chali, ulimi huanguka nyuma na kuziba pumzi. Mtoto hukoroma, huvuta kifua ndani, midomo huwa ya bluu. Huyo alazwe kifudifudi au ubavu, mtu akimwangalia, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, usiku ikibidi.

Jambo jingine kwa wakunga na wahudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, ambao wengi wao ni wake na waume wa wanachama wetu: kila mtoto anayezaliwa aangaliwe ndani ya kinywa kwa tochi, mpaka nyuma. Tundu la kaakaa peke yake halionekani kwa nje. Tumesikia habari ya watoto waliokaa miezi wakikonda, mdomo wao mzuri kabisa, na hakuna aliyewafungua kinywa.

KAZI NA KIKOMBE

Sasa tuingie katika mambo yetu. Kumlisha mtoto mara 8 kwa siku, nusu saa kila mara, ni saa 4, mbali na kukamua na kuosha vyombo. Hiyo ni nusu ya zamu. Mchuma chai analipwa kwa kilo. Atazipata wapi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na inataka angalau wiki 4 ziwe baada ya kujifungua. Baba naye ana siku 4 za kazi. Wengi hawazichukui, wakidhani ni hisani ya meneja. Si hisani. Hesabuni: anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, siku zake 60 ni wiki 10. Na daktari anasemaje? Kwa kawaida mdomo hushonwa mtoto akiwa na miezi 3 mpaka 6; kanuni ya zamani inasema asiwe chini ya wiki 10, uzito usipungue kilo 4 na nusu, na damu iwe ya kutosha. Yaani likizo inakatika pale pale mtoto anapokaribia kufaa kwa operesheni. Mama aliyetumia wiki 2 kabla ya kujifungua ndiyo kabisa. Anarudi shambani wiki ambazo mtoto anahitaji kuongezwa uzito, na kikombe kinabaki mikononi mwa dada wa miaka 7.

Tumeliona hili kwa macho. Katika shamba moja, ambalo hatulitaji jina kwa kuwa mazungumzo yanaendelea, mchuma chai mmoja alilazwa na mtoto siku 5. Aliporudi, jina lake halikuwamo tena katika daftari la mahudhurio. Manyapara alimwambia, "Wewe ulikuwa kibarua tu." Alikuwa kibarua kwa mwaka na nusu! Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema wazi kwamba kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo haendelei kuwa kibarua. Ana haki ya mkataba wa maandishi na haki zote zinazofuata. Mjumbe wa tawi alipoleta kanuni hiyo mezani, jina lilirudi baada ya wiki 3. Lakini ni wiki 3 bila mshahara, na mtoto wa kikombe nyumbani.

Kwa hiyo mzazi wa mtoto huyu afanye hivi. Amjulishe mjumbe wa tawi mapema, siku ya kuzaliwa kama inawezekana, asingoje matata. Likizo ya mwaka, ambayo sheria inahesabu siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, aiombe kwa maandishi ifuatane na likizo ya uzazi. Barua ya zahanati iambatane na ombi, nakala abaki nayo. Kazini aombe nafasi ya kukamua: maziwa yaliyokamuliwa yakifunikwa vizuri katika kivuli cha ubaridi hukaa saa 4, kwa hiyo yanaweza kuachwa nyumbani asubuhi na kupelekwa tena mchana. Na baba, tafadhali. Kikombe hakihitaji titi. Mkata miwa anayetoka kazini saa 8 mchana ana mikono ya kutosha kuhesabu vijiko 12. Tunao wanachama wanaofanya hivyo, na waliowacheka mwanzoni sasa wanawaazima kiti.

Sisi tumepeleka mapendekezo matatu yaingie katika mkataba wa pamoja: mzazi mmoja apewe siku 10 kwa kila operesheni ya mtoto bila kupoteza nafasi yake, gari la kampuni limfikishe mtoto hospitali na kumrudisha, na mama anayelisha mtoto wa namna hii apangiwe kazi karibu na kambi kwa miezi 6. Hili la gari mashamba mawili yamelikubali kwa mdomo. Kwa mdomo hakutoshi, na tunaendelea.

HOSPITALI

Uganda zipo sehemu zinazofanya kazi hii. Mulago, Kampala, ni hospitali kuu ya serikali na ina madaktari wa uso na kinywa. Kisubi, katika barabara ya Kampala kwenda Entebbe, ipo hospitali ya CoRSU iliyofunguliwa mwaka 2009, ambayo kazi yake hasa ni kurekebisha viungo, na mdomo uliopasuka ni katika mambo wanayoyafanya kwa wingi. Pale mtoto aliyekonda hafukuzwi. Hulishwa kwanza. Gharama za operesheni za namna hii hulipwa kwa misaada. Shirika la Smile Train, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, huwalipia madaktari wa nchi yenyewe kufanya kazi hiyo mwaka mzima, badala ya kungoja wageni waje na ndege kwa wiki mbili. Wafanyakazi wenzetu ambao jamaa zao wako Tanzania wajue kwamba Bugando kule Mwanza na CCBRT Dar es Salaam wanafanya operesheni hizi pia.

Mtu akikudai pesa ya "kufungua faili" ili mtoto apasuliwe haraka, usitoe. Mpigie katibu wa tawi. Operesheni hailipiwi, lakini kuna chakula cha anayemwuguza, sabuni na nauli. Ulizeni kwa simu kabla ya kuondoka kama hospitali husaidia nauli na kama daktari yupo wiki hiyo. Chukueni kadi ya kliniki, blanketi, kikombe cha mtoto, na mtu anayejua Kiganda au Kiingereza ikiwa mzazi hajui. Tumeona mama wa Kikongo akitia sahihi karatasi asiyoielewa.

Kabla ya operesheni mtoto hapewi chakula kwa saa ambazo muuguzi atasema. Msimwonee huruma mkamficha na titi, maana akiwa chini ya nusukaputi maziwa hupanda na kuingia mapafuni. Kushona mdomo huchukua kama saa moja au zaidi kidogo. Hawaongezi nyama ya mtu wala ya mnyama, kama wengine wanavyosema. Huisogeza ile ile ya mtoto na kuiunganisha, misuli kwanza, kisha ngozi. Baada ya hapo jeraha liwe safi na mtoto asiachwe kulikwaruza. Kovu huwa jekundu miezi michache, kisha hufifia.

Kaakaa ni safari ya pili, mtoto akiwa kati ya miezi 9 na 18 hivi. Hapa wengi wetu hukosea. Mdomo ukisha kushonwa uso unapendeza, majirani wanapongeza, na wazazi hawarudi. Lakini tundu la ndani liko pale pale, na mtoto sasa anaanza kusema. Herufi kama p, b, t na k zinataka hewa ifungiwe kinywani kisha iachiwe. Kwake hewa inapita puani. Akiita "baba", watu husikia "mama". Akifika darasa la kwanza, mwalimu hamwelewi, watoto wanamwigiza, anaacha shule. Kaakaa likishonwa kabla lugha haijakaa, wengi husema vizuri. Likishonwa akiwa na miaka 8, kula kutakuwa rahisi, lakini kusema kutahitaji mazoezi marefu kwa mtaalamu wa matamshi. Wataalamu hao bado ni wachache nchini. Baada ya operesheni hiyo mtoto hula vitu laini tu kwa wiki 2 au 3. Muwa, kwa watoto wa kambi zetu, ni marufuku.

Masikio nayo. Mwenye kaakaa lililopasuka hupata maji nyuma ya ngoma ya sikio, akasikia nusu nusu. Mtoto anayeitwa mkaidi pengine hasikii. Apimwe, na mwalimu aombwe amkalishe mbele. Meno yatamea kwa kupinda karibu na mwanya, na wengine huhitaji kuongezewa mfupa katika ufizi wakikaribia miaka 7 mpaka 11. Hayo yasiwatishe leo.

Wengine wameuliza juu ya mtu mzima aliyekua na mdomo huo. Anaweza kushonwa, wa miaka 20 au wa miaka 60, na gharama ni ile ile, yaani hakuna. Mwaka uliopita mkata miwa mmoja wa kambi ya juu, mtu wa watoto wanne, alikwenda na kurudi kazini baada ya wiki 3 kwa likizo yake ya mwaka. Kabla ya hapo alikuwa akila peke yake, ameipa migongo meza ya wenzake. Wengine watatu wa shamba hilo wamejiandikisha.

Wanaotaka kwenda, wakubwa au wadogo, wapeleke majina kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi pamoja na umri wa mgonjwa na nakala ya kadi ya zahanati, tuombe gari moja kwa wote badala ya kila mtu kutafuta nauli yake. Mtoto mchanga asiyeongeza uzito hangojei gari hilo. Huyo aondoke kesho asubuhi, na mjumbe wa tawi atakwenda ofisini kueleza kwa nini mzazi wake hayupo kazini.